Kuagiza Land Cruiser 79 ya Kazi: Kuanzia Hesabu ya Mzigo hadi Safari ya Kwanza

Wanunuzi wengi wa pikapu ya kazi nzito huanza na jina la gari na rangi, mzigo unatafutiwa nafasi baadaye. Matokeo yake huonekana msimu wa mavuno: chesisi imepinda nyuma ya kebini, springi zimelala, tairi za nyuma zinapasuka mbili kwa mkupuo. Gari halikuwa bovu. Lilipewa kazi ambayo halikutengenezewa, na mwenye kulinunua hakukaa chini kupiga hesabu.

Mwongozo huu unahusu zaidi Toyota Land Cruiser 79, ile ambayo Watanzania wengi wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo. Ndiyo pikapu inayotegemewa migodini, kwenye hifadhi, mashambani na kwenye miradi ya maji vijijini. Hesabu ya uzito na mambo ya ankara yanafaa vilevile kwa anayeagiza Hilux, Isuzu D-Max au Ford Ranger.

1. Andika kazi ya gari kwenye karatasi

Kabla hujampigia muuzaji yeyote, andika mambo haya: mzigo mzito kuliko yote utakaobebwa kwa safari moja (usiandike wastani), idadi ya watu watakaopanda kila siku, kilomita za lami na kilomita za vumbi kwa wiki, mito au mbuga za udongo mweusi zilizo njiani, na dizeli itakapotoka. Dizeli ya kituo cha mjini na dizeli ya kwenye mapipa porini ni vitu viwili tofauti, na jibu la swali hilo peke yake linaweza kukuamulia injini.

Andika mzigo kwa kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili. Gunia la mahindi lililopimwa vizuri ni kilo 100, lakini ukinunua shambani kwa lumbesa usihesabu 100, lipime. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000 kabla ya kuweka uzito wa tangi lenyewe, na maji yana tabia mbaya ya kusukumana kwenye kona tangi likiwa nusu. Ng'ombe naye hutembea humo ndani, uzito wake haukai pale ulipouweka.

2. Piga hesabu ya uzito, tena kwa kutoa

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila gari lina uzito jumla unaoruhusiwa: gari lenyewe, mafuta, watu, bodi, vifaa na mzigo, vyote kwa pamoja. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati cha utambulisho kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kama kibati hakiitaji, muuzaji anatakiwa akupe karatasi ya vipimo vya kiwanda kwa modeli hiyo hasa. Karatasi ya modeli inayofanana haitoshi, kwa sababu 79 ya soko moja na 79 ya soko jingine huweza kutofautiana kwa springi na tairi, na uzito unaoruhusiwa hubadilika pamoja navyo.

Tuseme uzito jumla ni kilo 3,300, na gari likiwa chesisi na kebini tu, tenki karibu tupu, limesoma kilo 1,980 kwenye mizani. Zimebaki 1,320, na muuzaji atakwambia gari linabeba "tani moja na robo". Sasa anza kutoa:

Dereva na tingo, kilo 150: zinabaki 1,170.
Dizeli lita 130, karibu kilo 109: zinabaki 1,061.
Bodi ya chuma ya kuchomelewa mjini, kilo 180: zinabaki 881.
Bampa nzito ya mbele na winchi, kilo 100: zinabaki 781.
Tairi ya akiba ya pili, jeki kubwa, minyororo na zana, kilo 70: zinabaki 711.

Magunia saba ya kilo 100. Huo ndio uwezo halali wa gari ambalo mwenye nalo amezoea kulipakia kumi na tano. Litatembea nayo, ni kweli, maana chuma cha 79 kinavumilia kuliko pikapu nyingi. Lakini breki, beringi za nyuma, tairi na chesisi zinalipia kila safari, na bima ikigundua uzito ulizidi siku ya ajali, mazungumzo yanabadilika.

Fanya hesabu hii kwa namba zako halisi, kisha ulinganishe na ile karatasi ya kwanza. Ikibaki pungufu, una njia tatu: punguza uzito wa bodi na vifaa, gawanya mzigo katika safari mbili, au nunua gari la daraja jingine.

3. Amua daraja la gari

Kama mzigo halisi hauzidi kilo 800 na njia ni lami pamoja na vumbi la kawaida, Hilux au D-Max ya kebini moja itakutosha kwa fedha ndogo zaidi, na itakula mafuta kidogo. Usinunue 79 kwa sifa.

Kama mzigo unazidi tani moja na nusu kila siku, pikapu yoyote ni makosa. Tafuta Mitsubishi Fuso Canter au Isuzu ya daraja hilo. Jua kwamba chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, gari la mizigo lenye uzito jumla kuanzia kilo 3,500 linatakiwa kupita mizani za barabara kuu, kwa hiyo ratiba za safari zibadilike.

Katikati ya hayo, mahali penye mawe, matope, mito na mzigo wa kilo 600 hadi 1,000, ndipo 79 inapostahili bei yake.

4. Soma namba ya modeli, chagua injini

Herufi za mwanzo za modeli zinataja injini, na ukizizoea hakuna wa kukuuzia kitu kwa jina jingine. Namba 79 ni pikapu, 78 ni ile ndefu iliyofunikwa yote, 76 ni ile fupi ya abiria, ya milango minne ya pembeni (station wagon). Herufi R baada ya namba ni usukani wa kulia, L ni wa kushoto.

HZJ79 ina injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita kwa mstari, haina tabo (turbo). Nguvu farasi ni karibu 130 na nguvu ya kuvuta ni nyutoni mita 285. Ni chache. Ukiwa na mzigo, mlima Kitonga au Sekenke utaupanda polepole, malori yakikupumulia mgongoni. Faida yake ni pampu ya dizeli ya kimekanika, ambayo fundi wa Tunduru au Kibondo anaifahamu na spea zake zinapatikana. Dizeli chafu inaikera ila haiiui upesi. Ukinunua iliyotumika, jambo la kwanza kabisa ni mkanda wa taimingi: injini hii inatumia mkanda wa mpira, wala si mnyororo, na desturi ya kazi nzito ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Kama hakuna ushahidi wa maandishi kwamba ulibadilishwa, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza. Mkanda ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vali zinagongana na pistoni, na unaanza kutafuta silinda hedi.

GDJ79 ilianza mwaka 2023 na ina 1GD, dizeli ya lita 2.8 yenye silinda nne na tabo. Ya giaboksi otomatiki ina nguvu farasi 204 na nyutoni mita 500. Wapo wanaoidharau kwa udogo wa injini. Ukweli ni kwamba inavuta mzigo ule ule kwa wepesi ambao HZ haiwezi kuufikia, na hutumia mafuta kidogo zaidi. Udhaifu wake ni nozeli na pampu ya presha kubwa: tone la maji au vumbi laini likipita filta, gharama yake inaweza kununua ng'ombe kadhaa. Anayejaza kwenye mapipa aagize filta ya pili ya kutenganisha maji, afunge kabla ya filta ya kiwanda.

GRJ79 ni ya petroli, V6 ya lita 4.0. Nyingi zimetoka Ghuba, ambako petroli ni rahisi. Ina mbio, ina nguvu, na kiu yake kwa bei ya petroli ya huku itakuchosha ndani ya miezi mitatu.

VDJ79 ni V8 ya dizeli, lita 4.5, nyutoni mita 430. Ni injini nzuri sana kwa kuvuta, ila spea zake ni ghali na si kila mji una fundi wake. Alteneta yake imekaa chini. Anayevuka matope kila siku aiweke akilini.

Swali moja la ziada kwa gari lolote la dizeli lililotengenezwa kwa soko la Ulaya au Australia: je, bomba la moshi lina kichujio cha masizi? Kichujio hicho kinahitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijisafishe. Gari linalozunguka shambani kwa gia ya pili siku nzima halikipi nafasi hiyo, na taa ya onyo itawaka kila wiki.

5. Kebini moja au mbili

Watu wanapenda kebini mbili kwa sababu inabeba familia na mafundi. Tazama mahali ekseli ya nyuma ilipo kabla hujaamua. 79 ya kebini moja na ya kebini mbili zina umbali ule ule kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, milimita 3,180. Kebini ikirefushwa, bodi inasukumwa nyuma, na sehemu kubwa ya mzigo inakaa nyuma ya ekseli. Hapo chesisi inafanya kazi ya mzani: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya hatari, na chuma kinachoka palepale nyuma ya kebini.

Kwa hiyo kebini mbili ni gari la watu wenye mzigo wa wastani. Saruji, maji na mawe ya sampuli vinataka kebini moja.

6. Tairi, rimu na difu

Toleo la kazi la masoko yetu mara nyingi huja na tairi 7.50R16 za mpira wa ndani, juu ya rimu zenye pete ya kufungua. Usikimbilie kuzibadilisha kwa sababu ya sura. Zinazibwa popote penye pampu na tairi leva. Ila fundi anayezifungua lazima atoe upepo wote kwanza, hata kama tairi inaonekana imelala, na wakati wa kujaza rimu izungushiwe mnyororo au iwekwe kwenye kizimba. Pete ikiruka huua, na imeua.

Angalia namba ya uwezo wa mzigo ubavuni mwa tairi. 108 ni kilo 1,000 kwa tairi moja, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 2,100, kila tairi ina 1,050, kwa hiyo 108 haifai. Wauzaji wa tairi pana za kuvutia hawakutajii namba hii.

Loki za difu za mbele na nyuma, zinazofanya magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, ziagizwe kiwandani kama njia yako ina matope. Kuzifunga baadaye ni kazi ndefu na ghali. Kwa mchanga na vumbi pekee, loki ya nyuma inatosha.

Mkonga wenyewe ukaguliwe, maana mwingine ni pambo. Injini ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao chenye mpira. Injini ikizimika au ikikaba, viungo vimeziba vizuri. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, hewa inaingia mahali pengine chini, na mtoni maji yatapitia hapohapo.

7. Utalitoa wapi

Njia ya kwanza ni wakala rasmi: kwa Tanzania, Toyota Tanzania Limited, kwa Kenya, CFAO Mobility. Bei ni ya juu kuliko njia nyingine, lakini unapata waranti, modeli ya soko letu na usukani wa kulia. Uliza tarehe ya kufika kwa maandishi, kwa sababu magari haya yana foleni.

Njia ya pili ni gari jipya kutoka kwa wafanyabiashara wa Dubai. Bei huvutia. Kagua herufi L au R kabla ya kitu chochote. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa magari maalumu, na hata pasipo zuio, kulipita lori ukiwa umekaa upande wa mtaro barabara ya Morogoro kwenda Iringa ni kucheza na roho. Pikapu za Ghuba pia mara nyingi zimepangwa kwa lami na mchanga, na waranti yake usitarajie iheshimiwe huku bila kuuliza kwanza.

Njia ya tatu ni iliyotumika kutoka Japani. Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu 79 haikuuzwa Japani kwa miaka mingi mfululizo. Ilirudi kwa muda mfupi mwaka 2014 na 2015, tena ya petroli. Nyingine ni za zamani zaidi, nazo zinakutana na sheria: Kenya hairuhusu gari lenye umri zaidi ya miaka minane. Dizeli za zamani za soko la Japani pia nyingi zina mfumo wa volti 24, na redio, balbu na winchi za volti 12 zitaungua. Omba picha za chini ya chesisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Gari lililoishi sehemu za theluji limetembea kwenye chumvi miaka yote.

Njia ya nne ni minada ya mashirika ya misaada, miradi na balozi hapa hapa nchini. Ni magari mazuri kwa kawaida, yana daftari la matengenezo. Mtego ni kodi. Mengi yaliingia kwa msamaha, na msamaha huo haumfuati mnunuzi. Kabla ya kutia bei mnadani, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na namba ya chesisi, uulize kodi inayodaiwa. Bei ya mnada jumlisha kodi ndiyo bei ya gari.

8. Hesabu ya kodi

Kwa pikapu ya mizigo yenye uzito jumla usiozidi tani 5, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25 ya thamani ya gari likiwa limefika bandarini, yaani bei, nauli ya meli na bima. VAT ya Tanzania, asilimia 18, inapigwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru. Thamani ikiwa dola 30,000: ushuru ni 7,500, VAT ni asilimia 18 ya 37,500, yaani 6,750. Jumla 14,250, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha, bandari, wakala na usajili. Ushuru wa bidhaa huweza kuongezeka kulingana na aina na umri wa gari, kwa hiyo mpe wakala wako wa forodha modeli kamili akupigie hesabu kwa viwango vya mwaka huo wa fedha. Viwango hubadilika kila Julai.

Kwa gari lililotumika, TRA ina thamani zake kwenye mfumo. Risiti yako ya bei nafuu haitawashusha. Angalia kikokotoo chao kwanza, kisha uamue kama punguzo la muuzaji bado lina maana.

9. Ankara kifani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ulichoahidiwa kwa simu kiingie kwenye ankara kifani (proforma invoice, ile ya kabla ya malipo), la sivyo hakitakuwemo kwenye gari. Hakikisha inataja:

- modeli kamili hadi herufi ya mwisho, mwaka na mwezi wa kutengenezwa, na namba ya chesisi kama gari tayari lipo;
- injini, giaboksi, upande wa usukani, idadi ya viti;
- ukubwa wa tenki kwa lita, idadi ya tairi, saizi yake na aina ya rimu;
- loki za difu, AC, ABS na mifuko ya hewa, kila kimoja na neno "ipo" au "haipo";
- bodi: imo au ni chesisi na kebini tu;
- funguo mbili, jeki, spana, kitabu cha maelekezo;
- bei ni ya wapi: bandari ya kutoka, bandari ya kufika, au mlangoni kwako;
- sarafu, muda wa ankara kudumu, awamu za malipo, tarehe ya kukabidhi na kitakachotokea ikichelewa.

Usitegemee herufi ya kumi ya namba ya chesisi kukutajia mwaka. Kwa Toyota nyingi za masoko yetu nafasi hiyo haina maana ya mwaka. Dai tarehe ya utengenezaji iliyoandikwa.

Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye ankara. Ukipokea barua pepe ya "tumebadilisha benki", simama, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo. Ulaghai wa namna hii huwapata hata wahasibu makini, maana barua pepe huwa imedukuliwa kweli na inafanana na zote za nyuma.

10. Bodi

Kama umeagiza chesisi na kebini, bodi itatengenezwa mjini: Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mafundi wa viwandani Nairobi. Kazi inaweza kuwa nzuri sana, na inaweza kuua chesisi ndani ya mwaka. Simamia haya mwenyewe.

Bodi isichomelewe kwenye chesisi, hata nukta moja. Joto la kuchomelea linabadilisha chuma, na ufa huanzia pembeni mwa alama ya welding. Bodi ifungwe kwa bolti kwenye vishikio vya kiwandani. Pakikosekana kishikio, tumia bolti za umbo la U zinazokumbatia chesisi. Mapaja ya juu na ya chini ya chesisi (kingo zake bapa) yasitobolewe. Kati ya fremu ya bodi na chesisi pawekwe ukanda wa mpira mgumu au ubao. Vishikio vya mbele, karibu na kebini, viwe na springi au mpira ili chesisi iweze kujipinda barabarani bila kugombana na bodi. Bodi iliyokazwa kila mahali kama jiwe ndiyo inayopasua.

Mkia wa bodi usirefushwe ili "kupata nafasi". Kila sentimita nyuma ya ekseli inazidisha mzigo wa chesisi. Mabati ya sakafu ya milimita 3 yanatosha kwa kazi nyingi. Fundi akitaka kukuwekea 6, mpe karatasi yako ya hesabu aone kilo anazokula. Na siku ya kuchomelea chochote kwenye gari, vituo vyote viwili vya betri vifunguliwe, hasa kwa GDJ yenye kompyuta.

11. Siku ya kupokea

Fika mchana na tochi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye reli ya kulia mbele, kibati, hati ya shehena na ankara. Herufi moja ikitofautiana, usisaini.

Soma tarakimu nne za tarehe kwenye tairi: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi za gari "jipya" zenye umri wa miaka minne zina habari ya kukueleza kuhusu gari hilo limekaa wapi. Angalia betri, mikanda, raba za vioo, na kutu kwenye nati za bomba la moshi. Washa injini ikiwa baridi. Ukikuta imepashwa moto kabla hujafika, ngoja ipoe. Jaribu fofodraivu na gia ndogo kwenye vumbi, si kwenye lami. Jaribu loki za difu na uone taa zake zikiwaka na kuzima.

Mwambie anayekukabidhi akuonyeshe, kwa mikono yake, jinsi ya kutoa maji kwenye filta ya dizeli. Kwa HZ, taa ya filta ikiwaka unalegeza plagi ya chini mizunguko kama miwili, unasukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli safi, kisha unakaza kwa mkono. Ni kazi ya dakika tano, na dereva asiyeijua ataendesha na taa ikiwaka mpaka pampu iharibike.

12. Kilomita 1,000 za kwanza

Usipakie mzigo kamili mara moja. Nusu ya mzigo kwa kilomita 1,000, bila kubana injini kwa mwendo mmoja mrefu. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 100, kisha tena baada ya 500. Rimu mpya hujikalia na nati hulegea.

Siku ya mzigo kamili wa kwanza, pima urefu kutoka ukingo wa matao ya magurudumu hadi ardhini, mbele na nyuma, kabla na baada ya kupakia. Mbele ikinyanyuka, mzigo umekaa nyuma mno, usogeze kuelekea kebini. Nyuma ikigusa raba za kuzuia, umezidisha. Ukirudi, ingia chini na spana: bolti za U za springi, vishikio vya bodi, na vya bampa. Zitakuwa zimelegea, karibu kila gari, na baada ya kuzikaza piga kila moja mstari wa rangi nyeupe ukivuka nati hadi kwenye chuma, ili safari ijayo dereva aone kwa macho iliyogeuka.